Kuacha Chakula ni Dawa, na Dawa Ina Kipimo

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Kibirichia, Kaunti ya Meru



Nimeombwa nizungumze juu ya watu ambao matumbo yao hayapatani na ngano au maziwa. Huenda mtu akauliza kwa nini mazungumzo haya yafanyiwe Kibirichia, mahali ambapo riziki yetu yenyewe inatokana na vitu hivyo viwili. Ni kwa sababu hiyo hiyo. Ukishika njia ya Timau unapita mashamba ya ngano na shayiri. Huku kwetu, boma lisilo na ng'ombe wa gredi hata mmoja ni la kutafuta, na pesa ya maziwa ndiyo inayolipa karo wakati bei ya viazi imeanguka. Mtoto wa hapa huijua chai ya maziwa kabla hajajua kusema vizuri, na chapati ndiyo chakula cha sikukuu, cha wageni na cha Jumapili. Mtu wa Mombasa asiyeyaweza maziwa huagiza chai ya rangi yenye tangawizi, na hakuna atakayegeuka kumtazama. Mwenzake wa Kibirichia ana kazi ya kujieleza maisha yake yote.

Wengi hawajielezi. Hunywa, kisha huumia. Tumbo linajaa hewa, linanguruma, linakata, na choo kinatoka kama maji. Mtu anaenda duka la dawa na kusema ana amiba. Anapewa vidonge. Wiki inayofuata anaambiwa ni taifodi, na mwezi ukiisha ni vidonda vya tumbo. Akishaambiwa ni vidonda vya tumbo, jirani mwema anamshauri anywe maziwa kwa wingi yamtulize. Nimesimuliwa mzunguko huu na watu wengi, na huyo jirani daima alikuwa na nia safi.

Upande wa pili wako walioacha kila kitu. Wamesikia kwa binamu aliye ng'ambo kwamba ngano ni sumu, wakaondoa ngano, kisha maziwa, kisha mayai, kisha maharagwe. Wamekonda, mikanda imeongezwa matundu, na bado wanaumwa.

Hawa wote nina jambo moja la kuwaambia. Kuacha chakula ni dawa. Nasema dawa kwa maana kamili ya neno hilo: ina ugonjwa inaoutibu, ina kipimo, ina muda, na ina madhara ikitumiwa ovyo. Yuko mgonjwa anayehitaji kupunguza kikombe kimoja tu kwa siku. Yuko mwingine ambaye unga uliobaki kwenye kikaango unatosha kumdhuru. Wakipewa ushauri mmoja, wa kwanza atajinyima bure na wa pili hatapona.

Nianze na maziwa, kwa kuwa ndiyo yanayowasumbua wengi zaidi.

Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi. Katika maziwa ya ng'ombe ni karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Utumbo hauwezi kuifyonza jinsi ilivyo; lazima kwanza ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho hutengenezwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa nacho, na anakihitaji sana, maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, kama gramu 7 kwa mililita 100. Lakini baada ya mtoto kuachishwa ziwa, mwili wa binadamu walio wengi hupunguza polepole kukitengeneza. Inakadiriwa kwamba karibu thuluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Laktosi ambayo haikukatwa huteremka hadi utumbo mpana. Huko bakteria huichachusha, na ndipo hewa inapotoka. Laktosi hiyo pia huvuta maji, na ndipo mtu anapohara.

Kwa hiyo mtu mzima ambaye maziwa yanamsumbua hajaharibikiwa na kitu. Wanaoyaweza hadi uzeeni ndio waliorithi badiliko. Mwaka 2007 mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu 470 kutoka jamii 43 za Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao wenyewe, tofauti na lile la watu wa Ulaya, na wakakadiria kuwa lilijitokeza kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, yaani katika zama ambazo ufugaji wa ng'ombe ulikuwa ukienea huku kwetu. Sasa fikirini historia ya mlima huu. Watu wake wamelima, wamefuga, wamepigana na Wamaasai na wameoana nao. Isishangaze basi kwamba ndugu wawili wa tumbo moja, waliokulia kwenye meko moja, mmoja anamaliza chupa ya maziwa na mwenzake anashindwa na nusu yake. Huyo wa pili hadeki. Mama mkwe asimwambie mke wa mwanawe kwamba anadharau maziwa ya boma.

Hapa ndipo kipimo kinapoingia. Mtu mwenye upungufu wa laktasi aghalabu huweza gramu 12 za laktosi kwa mara moja bila taabu kubwa. Hizo ni kama mililita 250 za maziwa matupu. Kikombe cha chai yetu, nusu maji nusu maziwa, kina gramu 6 hivi. Mnaokumbuka Maziwa ya Nyayo, yale yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, pakiti yake ya mililita 200 ilikuwa na karibu gramu 10. Kwa hiyo mtu wa namna hii si lazima aage maziwa. Kikombe kimoja cha chai pamoja na chakula kinaweza kumpita salama. Vikombe vitatu mfululizo asubuhi na tumbo tupu ndivyo vinavyomwangusha. Nimewaona watu wakiishi kwa raha kwa kugawa tu kile walichokuwa wakinywa kwa mkupuo mmoja.

Mala na mtindi huwa nafuu zaidi, kwa sababu bakteria wa kuchachusha wamekwisha kula sehemu ya sukari, na wale wa mtindi huendelea kusaidia kazi hiyo ndani ya utumbo. Samli haina laktosi ya kutaja, siagi ina kidogo mno, na jibini kavu iliyokaa miezi karibu haina kabisa. Lakini niwaombe akina mama wanaogandisha maziwa nyumbani: chemsheni kwanza, yaacheni yapoe, ndipo mtie mbegu ya mala. Maziwa mabichi yanaweza kuleta bruselosi, homa inayorudi rudi na kuumiza viungo, na kugandisha pekee hakuaminiki kuua vijidudu vyake.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyategemea na hayasaidii. Kuchemsha hakuondoi laktosi. Mbuzi wa maziwa, hawa wa damu ya Toggenburg walioenea Meru tangu miaka ya 1990, maziwa yao yana laktosi pungufu kidogo tu kuliko ya ng'ombe. Na maziwa ya ngamia yanayopanda kutoka Isiolo yana sifa nyingi nzuri, lakini laktosi imo pia.

Kujipima ni rahisi. Acha maziwa yote kwa wiki mbili, yakiwemo ya chai na ya uji. Andika kwenye daftari tumbo linavyokuwa kila siku. Kisha rudisha kikombe kimoja, uone. Kama hakuna kilichobadilika ulipoacha, maziwa hayana hatia, na unapaswa kutafuta kwingine badala ya kuongeza vyakula vya kuacha. Na kama tabu ya maziwa imemwanza mtu ghafla baada ya kuhara sana, au baada ya kupata jiadia kwa kunywa maji machafu, ajue kwamba ukuta wa utumbo uliochubuka hupoteza laktasi kwa muda. Atibiwe ugonjwa wenyewe. Laktasi itarudi baada ya wiki kadhaa.

Mzio wa maziwa ni jambo lingine kabisa. Hapa kinachogombana na mwili ni protini, sukari haimo. Huonekana zaidi kwa watoto wadogo: mwili unatoka vipele vya kuwasha, midomo inavimba, pumzi inakuwa nzito, au choo kinatoka na damu. Huyo hana kikombe kimoja cha salama. Kwake kipimo ni sifuri, na maziwa ya mbuzi yasijaribiwe badala yake, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Mtoto wa aina hii ni wa hospitali, si wa jirani. Na mama asiache kunyonyesha. Daktari anaweza kumwambia yeye mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe kwa muda huku akiendelea kumpa mtoto ziwa. Kumwachisha mtoto mchanga ziwa kwa sababu anahara ni kosa ambalo limegharimu maisha.

Sasa ngano.

Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini tunazoziita kwa jumla gluteni. Ndizo zinazofanya donge la chapati livutike bila kukatika, na mkate uumuke. Kwa watu wengi hazina tatizo. Kwa wengine, walio karibu mmoja katika kila watu 100 duniani, kinga ya mwili inapokutana na gluteni hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Ugonjwa huo unaitwa siliaki. Vijidole vidogo vinavyofunika ukuta wa utumbo mwembamba, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula, hunyauka na kulala. Mtu anakula na chakula hakimwingii.

Jinsi dunia ilivyojua chanzo chake ni habari inayostahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ina onyo ndani yake. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba anawatibu watoto wenye ugonjwa huu kwa ndizi. Watoto waliokuwa wakifa walipona kwa kula ndizi mbivu kwa wingi. Furaha ilikuwa kubwa, na kwa miaka mingi ndizi zilihesabiwa kuwa dawa. Watu wa Meru wangeipenda habari hiyo. Ila ndizi hazikuwa zimetibu chochote. Watoto walipona kwa sababu lishe ile iliwaondolea mkate. Haas aliamini kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia chakula cha kawaida, na waliorudia ngano waliurudisha ugonjwa pamoja nayo.

Aliyefumbua fumbo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague, Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku ngano. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1944 hadi 1945, wakati jeshi la Ujerumani lilipozuia chakula na Waholanzi wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate ulikosekana. Watoto wenye siliaki, katikati ya njaa ile iliyowaua wengine, walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Dicke hakuishia kwenye kuona. Aliendelea kupima, nafaka moja baada ya nyingine, akimpa mtoto na kumwondolea, na mwaka 1950 akawasilisha tasnifu yake iliyothibitisha kwamba ngano ndiyo yenye kosa. Haas na Dicke wote waliwaona watoto wakipata nafuu kwa kubadilisha chakula. Mmoja alitazama kilichoongezwa, mwingine akatazama kilichoondolewa. Mtu wa Kibirichia akiacha chapati, huacha papo hapo mafuta ya kuikaangia, maharagwe ya kuitowelea na chai ya kuishushia. Akipata nafuu, atajuaje ni kipi?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba siliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo ilianguka mwaka 1999, ilipochapishwa kazi ya Carlo Catassi na wenzake waliowapima watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi ukimbizini. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki, kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimeripotiwa Ulaya. Ni Waafrika, na mkate wa ngano umekuwa chakula chao cha kila siku. Basi mhudumu wa afya asimwambie mtu kwamba ugonjwa huu haumhusu Mwafrika.

Nani afikiriwe? Mtoto asiyeongezeka uzito ingawa anakula. Mtu anayehara au kukonda kwa miezi bila sababu kuonekana. Mwenye upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, hasa kama minyoo imeshatibiwa. Mwanamke ambaye mimba zinaharibika mara kwa mara. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Na mzazi, mtoto au ndugu wa mtu aliyekwisha kuthibitishwa, maana kwao uwezekano ni kama mmoja katika 10. Wengine hawaumwi tumbo hata kidogo. Wanachoka tu mwilini.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kutafuta viini vya kinga vinavyoushambulia utumbo. Baadaye hufuata kamera inayoteremshwa kupitia mdomoni, na kijipande cha utumbo hukatwa. Vipimo hivi havipo katika kila zahanati. Mara nyingi damu huchukuliwa karibu na kupelekwa maabara kubwa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote: usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukishaacha, viini vile hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo kitasema huna ugonjwa ulio nao. Aliyekwisha kuacha huambiwa aile tena kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi ili apimwe, na hayo ni mateso ambayo yangeepukika.

Akithibitishwa, dawa ni moja, kuacha gluteni kwa maisha yote. Hakuna chapati ya Krismasi. Kanuni ya kimataifa ya vyakula inaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kilo nzima, nanyi mnaweza kuona jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo. Kwa mtu huyu kile kikaango cha chapati kisikaange chakula chake, na viazi karai vikipikwa kwenye mafuta yaliyotoa mandazi si chakula chake tena. Bhajia za viazi hupakwa unga wa dengu, ambao ni salama, lakini wako wauzaji wanaoukoroga na unga wa ngano, aulize. Aulize pia soseji, mchuzi uliotiwa unga ili uwe mzito, viungo vya pakiti na unga wa uji wa mchanganyiko. Bia ya shayiri nayo imo katika orodha.

Hakatazwi kulima ngano. Gluteni haipiti kwenye ngozi ya mikono. Siku ya kuvuna na ya kusaga afunge pua na mdomo asije akameza vumbi, na anawe kabla ya kula.

Kuna kundi la tatu, na ndilo lenye maneno mengi. Hawana siliaki, hawana mzio wa ngano, lakini wakila ngano wanajisikia vibaya, na wanasema kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norway, walichapisha jaribio la watu 59 wa namna hii. Waliwapa vipande vya keki ya nafaka vilivyofanana, vingine vikiwa na gluteni, vingine vikiwa na fruktani, na vingine bila hivyo viwili, bila mlaji kujua anakula kipi. Fruktani ni aina ya wanga uliomo kwenye ngano, vitunguu maji na vitunguu saumu. Iliyowaumiza zaidi ilikuwa fruktani; gluteni haikuwazidishia maumivu kuliko kile kipande kisicho na chochote. Maharagwe nayo yana wanga wa jamaa hiyo, unaochachuka tumboni. Mtu anayekula chapati kwa maharagwe yaliyoungwa na vitunguu vingi ana washukiwa watatu kwenye sahani moja. Huyu apimwe siliaki kwanza. Akikutwa hana, ajaribu kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga yale maji, apunguze vitunguu, apunguze chapati, kimoja kwa wakati mmoja. Ataupata mpaka wake mwenyewe, na huenda ukawa chapati moja badala ya tatu.

Sasa tule nini? Hapa nazungumza kwa moyo mwepesi, kwa sababu watu wa miji mikubwa hununua unga wa pakiti ulioletwa kwa meli kwa bei ya kutisha, ilhali chakula chote kisicho na gluteni kinaota kati ya msitu wa mlima huu na nyanda za Tharaka. Viazi vyetu wenyewe. Minji, karoti, kabichi. Ndizi za upande wa Imenti, nduma za mabondeni, viazi vitamu, mihogo. Mahindi, mchele, na huko chini wimbi, mawele na mtama, ukiwemo ule wa Gadam unaolimwa kwa ajili ya viwanda vya bia. Githeri ni salama. Mukimo ni salama, mradi usichanganywe na kitu. Nyanya zetu walikuwa wakianza siku kwa nduma, viazi vitamu na uji, na sahani hiyo ingempa mgonjwa wa siliaki kila anachohitaji asubuhi. Mwenye hamu ya kitu cha kukunja mkononi aponde viazi vilivyochemshwa, atie unga wa mchele au wa wimbi, asukume kwa unene kidogo na kukaanga kwa moto mdogo. Havitavutika kama chapati ya ngano, maana kinachovuta kimeondolewa. Vitamshibisha vilevile.

Wimbi nalitaja kwa namna ya pekee, kwa kuwa anayepunguza maziwa anapunguza pia kalisi ya mifupa. Gramu 100 za wimbi zina miligramu zaidi ya 300 za kalisi, wakati maziwa yana kama 120 kwa kiasi hicho hicho. Sitaki mtu adhani kijiko cha wimbi ni sawa na glasi tatu za maziwa, sababu wimbi lina vitu vinavyoizuia kalisi isifyonzwe yote, na uji ni maji mengi kuliko unga. Kuliotesha kabla ya kusaga, au kuuchachusha uji siku moja au mbili, hupunguza vizuizi hivyo. Wazee walijua uji mchachu. Ongezeni sukuma wiki, na omena zinazoliwa pamoja na mifupa yake.

Kuna mahali pamoja ambapo chakula salama huharibikia: kinu cha posho. Katika eneo linalolima ngano, mashine iliyosaga ngano ya mteja aliyekutangulia imebaki na unga wake kwenye mawe na kwenye gunia la kupokelea. Debe lako la mahindi linatoka na gluteni. Familia yenye mgonjwa wa siliaki itafute kinu kisichosaga ngano. Kikikosekana, wapitishe kwanza kilo kadhaa za mahindi yao, hizo ziwe za kuku, halafu wasage za nyumbani na kuzipokelea kwenye gunia lao wenyewe. Njia hii hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa hiyo wanaoweza kusaga nyumbani wasage.

Nimesema habari za sahani. Limebaki jambo la meza, ambalo naona ni gumu zaidi.

Huku kwetu kumpa mgeni chai ya rangi ni kama kumwambia hukumtarajia. Mwenye nyumba ataona haya, atatuma mtoto kwa jirani akaazime maziwa. Mgeni asiyeyaweza anaiona ile haraka, anashindwa kusema, anakunywa. Kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, kwenye chama, kwenye mkutano wa kanisa, ni hivyo hivyo. Mwanamke aliyeolewa juzi ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote, maana kukataa chapati ya mama mkwe husomwa kama kuikataa nyumba. Mzigo huu hatuwezi kuwaachia wagonjwa peke yao. Mama mwenye nyumba anaweza kuweka chupa mbili mezani, moja ya maziwa na moja ya rangi, zote zikiwa zimetiwa tangawizi vizuri, na kuwaacha watu wamimine. Kamati inayopika kwa ajili ya sherehe inaweza kutenga sufuria moja ya wali na nyama isiyotiwa unga, yenye mwiko wake, na wanaohitaji wakapakua mapema kabla miiko haijachanganyika.

Kanisani pia. Hostia ya Wakatoliki ni ya ngano, na barua iliyotoka Vatikani mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni hata kidogo haifai kwa sakramenti, ila ile yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Mgonjwa anaweza pia kukomunika kwa divai peke yake, katika kikombe ambacho hakikudondoshewa kipande cha hostia. Azungumze na padre wake mapema. Hana haja ya kukaa nyuma kila Jumapili kana kwamba ana kosa.

Na shule za bweni. Mtoto mwenye siliaki anayeamkia chai na mkate muhula mzima harudi nyumbani na alama mbaya tu, anarudi na mifupa dhaifu. Mzazi apeleke barua ya daktari kwa mwalimu mkuu, aende mwenyewe jikoni aongee na mpishi, na wakubaliane: asubuhi viazi vitamu au uji wa mahindi, mchana githeri, jioni ugali au wali. Vyote hivyo tayari vimo katika stoo nyingi za shule. Kinachohitajika ni sufuria na mtu anayejua kwa nini.

Walio na watoto wanaokonda, au damu isiyopanda, wasiulize hapa mbele ya watu kama hawapendi. Baada ya maswali nitabaki kwenye ile meza ya dirishani. Njooni na kadi za kliniki za watoto, na tangu leo hadi siku ya kupimwa msibadilishe chochote katika wanachokula.